Mwanao asoma, au aimba tu?

Ni mazoea katika nyumba nyingi. Wageni wakifika, baba humwita mtoto wa gredi ya pili aje na kitabu chake cha Kiingereza. Mtoto husimama wima, akavuta pumzi, akausoma ukurasa mzima bila kukwama. Wageni humpigia makofi, na mama huona kwamba karo aliyolipa haikwenda bure. Ni nadra mtu kumwuliza mtoto huyo: "Hebu tuambie, hayo uliyosoma yanasema nini?"

Swali hilo dogo ndilo ambalo watafiti wamekuwa wakiliuliza humu nchini kwa miaka mingi, na majibu waliyopata yanafaa kumkosesha mzazi usingizi.

Tuanzie Busia na Teso. Mwaka 1996 baadhi ya shule za msingi za huko ziligawiwa vitabu vya kiada. Watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walifuatilia kuona iwapo alama za wanafunzi zingepanda. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2009, yaliwashangaza wengi. Kwa wastani alama hazikupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa hodari tangu hapo. Waliosalia hawakufaidika, kwani vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wao ni lugha ya tatu, na hawakuweza kuvisoma wakavielewa.

Mwaka huo huo wa 2009, Uwezo ilianza kazi yake nchini Kenya. Watu wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba, wakawapa watoto herufi, kisha maneno, kisha aya, na mwisho hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Katika ripoti za miaka ya mwanzo, ni watoto wapatao 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu walioweza kazi ya darasa la pili.

Lakini utafiti unaonigusa zaidi ni ule wa Benjamin Piper na wenzake wawili, uliochapishwa 2016. Wanafunzi wa Kenya walisomeshwa vifungu kwa Kiingereza, Kiswahili, Dholuo na Kikuyu, kisha wakaulizwa maswali. Ikadhihirika kuwa walitamka maneno mengi zaidi kwa dakika katika Kiingereza, ilhali walielewa zaidi waliposoma Kiswahili au lugha ya mama.

Msomaji atauliza, yawezekanaje? Sababu moja ni kwamba maneno ya Kiswahili ni marefu. Neno moja kama "hawatatusomea" hubeba ujumbe ambao Mwingereza angeutamka kwa maneno sita. Kwa hivyo kuhesabu maneno kwa dakika hakutoshi kupima lugha moja dhidi ya nyingine. Lakini upande wa kuelewa hauna utata. Mtoto anaweza kuufundisha ulimi wake mlio wa maneno ya kigeni, na akili ikabaki nje ikisubiri.

Na hasara yake si alama za mtihani pekee. Kati ya 2010 na 2012, katika shule za Kwale, watafiti waliwapa baadhi ya walimu wa madarasa ya chini mafunzo ya kufundisha kusoma, mipango ya masomo na ujumbe mfupi wa simu kila wiki. Baada ya miaka miwili watoto wao walisoma vizuri zaidi. Aidha, walioacha shule walikuwa asilimia 2.1, ikilinganishwa na asilimia 5.3 katika shule ambazo hazikupata msaada huo. Yamkini mtoto anayeona maana ya kile anachosoma hana haraka ya kukimbia darasa.

Wapo wazazi watakaosema, "Kiingereza ndicho cha kazi, tusidanganyane." Ni kweli, na hakuna anayesema kitupwe. Lakini tangu Kamati ya Gachathi ya 1976, pendekezo limekuwa watoto wa madarasa matatu ya kwanza wafundishwe kwa lugha inayotumika katika eneo lao. Sisi wazazi ndio tunaolikaidi. Tunaikimbilia shule inayojigamba kwamba chekechea wake hawaguswi na "kilugha", kisha tunamkemea mtoto akijibu kwa lugha ya nyumbani.

Basi tufanyeje? Mtoto akimaliza ukurasa, funga kitabu. Mwulize: Nani alifanya nini? Kwa nini? Unadhani baadaye itakuwaje? Mwache ajibu kwa lugha inayomjia upesi, iwe Kikamba, Kitaita au Kiswahili cha mtaani. Usimkatize kwa kosa la matamshi kabla hajamaliza wazo lake. Akishindwa, msome tena pamoja, polepole, bila kiboko wala matusi.

Wala usijitoe kwa kuwa hukusoma. Nyanya asiyejua hata herufi moja aweza kumwambia mjukuu, "Haya, nisimulie ulichosoma leo." Hadithi ikitoka haina kichwa wala miguu, nyanya atajua kuna kasoro, na atakuwa ameijua mapema kuliko mtihani wa gredi ya sita. Hapo ndipo mzazi aende shuleni azungumze na mwalimu, si kwa ugomvi, bali kwa kutaka msaada.

Kazi hii haihitaji karo ya ziada wala mwalimu wa jioni. Ni dakika kumi tu, redio ikiwa imezimwa na simu kuwekwa kando. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Ukisikia mwanao akisoma kwa sauti kubwa, usiridhike na mlio. Chungulia ndani uone kama mna kitu.