Lugha ya Raia Si Ushahidi wa Uadui

Katika mtaa wa Munuki, mjini Juba, Kiarabu cha Juba, Kibari, Kidinka, Kinuer, Kiingereza na Kiswahili husikika katika njia moja. Hali hiyo imetokana kwa sehemu kubwa na vita. Wananchi walikimbilia Khartoum, Kenya, Uganda na Ethiopia. Baada ya Mapatano ya Amani ya 9 Januari 2005, na tena baada ya uhuru wa 9 Julai 2011, wengi walirejea, kila mmoja na lugha aliyojifunza ukimbizini. Kwa askari anayelinda mtaa wa namna hiyo, suala la lugha ni suala la usalama.

Ndiyo maana tumeona inafaa kuutazama wimbo mmoja. Mwaka 2004 Emmanuel Jal, mwimbaji wa muziki wa kufoka aliyezaliwa Sudan Kusini yapata mwaka 1980, alitoa albamu yake ya kwanza, Gua. Neno hilo kwa Kinuer ni wema. Katika Kiarabu cha Sudan husikika kama nguvu. Wimbo wenye jina hilo ulipendwa mno nchini Kenya. Ndani ya albamu hiyo mna Kinuer, Kidinka, Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili, na ujumbe wake ni hamu ya mkimbizi kurudi katika nchi yenye amani.

Wapo watakaosema kwamba mchanganyiko huo ni dalili ya kijana aliyepotewa na kwao, kwani wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Sisi tunaona vingine. Kinuer ni lugha ya jamaa zake, na vita vilimpokonya mama yake angali mdogo. Kidinka ni lugha ya wengi katika jeshi la ukombozi, ambamo alishikishwa bunduki akiwa mtoto. Kiswahili ni lugha ya Nairobi, alikofikishwa kwa siri na Emma McCune, mfanyakazi Mwingereza wa misaada, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1993. Basi kijana huyo hakuiacha asili yake. Aliiongezea yale aliyoyapitia. Tena, baada ya mfarakano wa mwaka 1991, ulioleta mauaji makubwa baina ya Wadinka na Wanuer, kijana wa Kinuer kuimba kwa Kidinka lilikuwa tendo la ujasiri.

Kwa bahati mbaya, yale ambayo wimbo uliyafanya urithi, vita viliyafanya ushahidi. Tarehe 15 Desemba 2013 mapigano yalizuka Juba baina ya askari wa kikosi cha ulinzi wa Rais. Katika siku zilizofuata, kwa mujibu wa uchunguzi wa Umoja wa Mataifa na wa mashirika ya haki za binadamu, wanaume wa Kinuer walisakwa na watu waliovaa sare katika mitaa kadhaa, Munuki na Gudele ikiwamo. Baadhi yao walitambuliwa kwa chale za usoni, wengine kwa kushindwa kujibu kwa Kidinka. Maelfu ya raia walikimbilia kambi za Umoja wa Mataifa.

Ndugu askari, kitendo hicho ni jinai, na hata kwa kipimo cha kijeshi hakina faida yoyote. Wapo Wanuer wanaosema Kidinka kwa ufasaha, na wapo vijana wa Kidinka waliokulia Khartoum wasiojua zaidi ya Kiarabu. Kipimo cha ulimi hakimtambui adui. Humwua jirani na kumwacha adui apite. Aidha, raia aliyeogopeshwa hatoi habari, na kikosi kisichopewa habari na raia ni kikosi kipofu. Jeshi lenyewe liligawanyika, na nchi ikalipa kwa miaka ya vita.

Tarehe 30 Agosti 2022, kundi la kwanza la majeshi ya pamoja, yaliyotokana na mapatano ya mwaka 2018, lilihitimu mjini Juba. Askari waliokuwa maadui walisimama katika gwaride moja. Katiba ya mpito ya mwaka 2011 nayo inatamka kwamba lugha zote za asili za nchi hiyo ni lugha za taifa na zinastahili kuheshimiwa.

Maneno hayo yatapata uzito katika vizuizi vya barabarani na katika doria za usiku. Mpekuzi na aulize mtu ametenda nini na amebeba nini, asiulize anasema lugha gani. Kamanda na ahakikishe kila doria ina mkalimani. Na kila askari, popote alipo Afrika Mashariki, ajifunze walau salamu za watu anaowalinda.