Mgodi ukifungwa, nani anabaki?

Wageni wengi wanaopanda Ruwenzori kwa upande wa Uganda kupitia Kilembe husimulia kwamba wamepita katika mji uliokufa. Sisi hatukubali. Toleo hili ni la machimbo, na tumelianzisha na Kilembe, ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, kwa ndugu zetu Bakonzo, kwa sababu karibu na hapa hatujui mahali panapoonyesha vizuri zaidi kile mgodi unachoacha.

Shaba ya Kilembe ilianza kutoka mwaka 1956, mwaka uleule reli ya kutoka Kampala ilipofika Kasese. Wenye usemi walikuwa Wakanada wa Falconbridge. Madini yalisagwa bondeni, yakapanda treni hadi Jinja, yakayeyushwa kwa umeme wa Owen Falls. Kampani ikajenga nyumba, shule na hospitali. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ya Idi Amin ikaichukua. Vipuri vikakosekana, bei ya shaba ikaanguka, na kufikia 1982 uchimbaji ukakoma.

Watu hawakukoma. Nenda Kyanjuki, juu bondeni: nyumba za wafanyakazi bado zimepangwa mistari kama kampani ilivyoziacha, nguo zimeanikwa mbele yake, na watoto wanacheza juu ya vyuma ambavyo hawajui vilifanya kazi gani. Chini ya ardhi, kwa miaka mingi baada ya kufunga, pampu ziliendelea kuvuta maji ili mwekezaji akija asikute mashimo yamezama. Mwaka 2013 wakaja Wachina wa Tibet Hima. Mwaka 2017 mkataba wao ukavunjwa.

Aliyekuja bila mkataba ni mto. Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ulifurika, ukashusha mawe makubwa na kubomoa nyumba; Mei 2020 ukarudi, ukaiharibu hospitali ile ya kampani. Kandokando yake kampani ilikuwa imerundika mamilioni ya tani za mchanga uliobaki baada ya kutoa shaba. Mvua huosha marundo hayo kila msimu, na watafiti wamekuta shaba na kobalti kwa wingi katika udongo wa bustani ambamo watu hulima chakula. Kwa hiyo mgodi uliofungwa karibu miaka arobaini na tano iliyopita bado unafanya kazi. Kilichosimama ni mshahara tu.

Wazee wa huko wakisifu enzi za kampani, vijana hucheka. Tusiwacheke. Wanacholilia ni pesa iliyofika mwisho wa mwezi na daktari mwenye dawa, vitu ambavyo hata sisi, bila mgodi wowote, tunavililia.

Nasi tunahusika kuliko tunavyopenda kukiri. Butembo ilikua kutoka kambi ya wafanyakazi wa Minière des Grands Lacs, MGL kama babu zetu walivyoiita, na wengi wao walipelekwa Manguredjipa kuchimba. Mwaka 1976 MGL ikamezwa na SOMINKI. Mwaka 1997 SOMINKI nayo ikaisha. Kilembe angalau ina majengo ya kumwonyesha mgeni. Sisi tuna masimulizi, na wenye nayo wanazikwa mmoja mmoja. Wakati huohuo Lubero inafunguliwa mashimo mapya ya dhahabu, na katika mikutano yote tunayoisikia watu hugombania asilimia. Shimo litafukiwa na nani, maji machafu yataelekea kwa nani: hayo huachwa kwa wajukuu. Maoni yetu ni kwamba chifu au mbunge asiyeuliza hayo siku ya kwanza hajatetea watu wake.

Msomaji, kama nyumbani kwenu kuna kadi ya kazi ya MGL au SOMINKI, picha ya kambi, au mzee anayekumbuka majina ya waliofia shimoni, tuletee. Karatasi tutazipiga nakala na kuzirudisha. Mzee tutamfuata wenyewe.