Mlima Hauna Geti

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi wa Kitanzania walioko Uingereza, mtu akitangaza kwamba wikiendi anaenda kupanda mlima, majibu huwa mawili. La kwanza: hayo ni mambo ya wazungu. La pili: hiyo hela si ungetuma nyumbani? Nasoma uzamili Glasgow na nimeyasikia yote mpaka nimeyazoea. Nawaandikia nyie mnaosubiri majibu ya ufadhili hapo chuoni, kwa sababu kelele za majibu hayo mawili zinafunika jambo la tatu ambalo ndilo linanitia wasiwasi. Watu wetu wanaenda mlimani, ila wanaenda kama wanavyoenda Coco Beach.

Hilo la wazungu nalimaliza haraka. Hans Meyer alipofika kileleni Kilimanjaro mwaka 1889, mizigo yake haikupanda yenyewe.

Hela ndiyo hoja yenye uzito, maana bumu la nje nalo linaisha, na visa ya mwanafunzi wa shahada inaruhusu kazi ya saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo. Lakini piga hesabu vizuri. Scotland ina sheria ya mwaka 2003 inayompa kila mtu haki ya kupita karibu kila mahali, milimani na mashambani, na hata kulala kwenye hema, mradi asiharibu mali ya watu. Hulipi kiingilio. Kuna vibanda vya mawe karibu mia moja vinavyotunzwa na watu wa kujitolea, unalala bure. Anayeishi huko na hajafikisha miaka 22 anapanda basi bure, pamoja na basi la kutoka Glasgow mpaka Fort William, chini ya Ben Nevis. Na kwa sisi wenye pasipoti ya Tanzania, kuna faida nyingine: ukitaka milima ya Alps, ni Schengen, foleni, benki statimenti na barua ya chuo. Milima ya nchi ambayo tayari una visa yake haikuombi karatasi hata moja. Kwa hiyo mwenye kupanga vizuri anatumia wikiendi nzima hela ambayo mwenzake anaimaliza usiku mmoja mjini.

Uhuru huo ndio wenye hatari. Ukienda Kilimanjaro, unaandikwa jina getini, huruhusiwi kupanda bila mwongoza watalii mwenye leseni, kuna wapagazi, kuna mpishi. Usipoteremka kwa wakati, kuna watu wanaojua idadi yao imepungua. Ben Nevis haina geti. Hakuna anayekuandika unapopanda, wala anayekuhesabu unaposhuka. Sasa jiulize: mwanafunzi anayeishi peke yake chumba cha hosteli akiondoka Jumamosi alfajiri asirudi, nani atajua? Jirani wa chumba atadhani yuko shifti. Mama nyumbani atadhani bando limeisha. Mhadhiri atamkosa Jumanne, labda. Hilo ni swali ambalo Mtanzania aliyeko nje anapaswa kulijibu kabla hajanunua hata biskuti za njiani.

Na Ben Nevis ni mlima unaotudanganya sisi hasa. Una mita 1,345, na ndio mrefu kuliko yote Uingereza. Kilele chake kiko chini kuliko geti la Marangu! Mtu wa Moshi akisikia hivyo anacheka. Acheni kucheka. Unaanza karibu na usawa wa bahari, kwa hiyo zaidi ya mita 1,300 unazipanda na kuzishuka siku hiyohiyo, saa saba hadi tisa za kutembea. Wastani wa joto kileleni kwa mwaka mzima unakaribia nyuzi sifuri, na theluji inaweza kuwepo mpaka Mei. Juu ni tambarare ya mawe, upande wa kaskazini kuna magenge ya mamia ya mita, upande wa pili kuna korongo, na njia ya kurudi inapita katikati. Ukungu ukishuka huoni hatua kumi mbele. Hapo simu yenye chaji asilimia 12 na Google Maps haisaidii kitu. Inatakiwa ramani ya karatasi, dira, na mtu anayejua kuvitumia. Jinzi na raba za kutembelea Mlimani City acheni chumbani. Jinzi ikilowa haikauki, na upepo wa kule unapita hadi kwenye mifupa.

Kalenda nayo. Uzamili wa Uingereza ni mwaka mmoja, Septemba hadi Septemba, na wengi huahirisha: tutapanda Krismasi, chuo kikifungwa. Desemba kule juu jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Siku imekwisha hujafika hata nusu. Majira ya kiangazi nayo yana tasnifu, na vidudu vya kuuma vya jamii ya usubi vinavyotoka kwa mawingu. Mwezi wenyewe ni Mei: mvua imepungua, wadudu hawajachachamaa, na mwishoni mwa mwezi jua linazama karibu saa nne usiku. Ukipanga Oktoba, nauli ya treni ya Mei utaipata kwa bei ya kibinadamu na shifti utazibadilisha mapema.

Visiwa vinahitaji mpango wa aina nyingine kabisa, kwa sababu bosi wa safari ni feri. Mei iliyopita tulikwenda watatu Eigg, kisiwa kidogo chenye wakazi mia moja na ushee. Kilima chake, An Sgùrr, kina mita 393 tu, na kwa saa nne hivi unapanda na kurudi gatini. (Wakazi wake walichangisha pesa wakakinunua kisiwa chao mwaka 1997 kutoka kwa mmiliki binafsi. Wanafunzi wa sheria ya ardhi, hiyo ni tasnifu inawasubiri.) Kupanda kilikuwa kitu rahisi kuliko vyote. Kazi ilikuwa ratiba: treni ya Glasgow hadi Mallaig ni zaidi ya saa tano, feri haiendi Eigg kila siku kwa saa zilezile, na kuna siku ikikushusha hairudi kukuchukua mpaka kesho. Tulianza kupanga na feri ya kurudi, tukarudi nyuma mpaka treni ya kwanza, kisha tukaacha siku moja tupu mwishoni, bila shifti wala asaimenti.

Siku hiyo tupu watu huiona ni uvivu. Upepo ukizidi, feri inafutwa, na nimewasikia wenzetu gatini wakilalamika kwamba wazungu waoga, mbona mawimbi ya kawaida. Sisi? Sisi wa nchi ya MV Bukoba na MV Nyerere? Nahodha anayekataa kung'oa nanga ndiye tuliyemkosa nyumbani. Lipia usiku mmoja zaidi, kunywa chai, subiri.

Ninachodai ni kitu kidogo. Vyama vyetu vya wanafunzi nje vinachangisha kila mwaka kwa ajili ya sherehe ya Desemba 9, pilau na ukumbi. Sipingi pilau. Lakini toa sehemu ya mchango, nunua makoti mawili ya mvua, tochi za kichwani, ramani, dira na filimbi, viwe vya kuazimana. Halafu mchague mtu mmoja kila wikiendi awe geti. Anayekwenda anamwachia majina, njia watakayopita, saa ya kurudi, na saa ambayo wasipopiga simu yeye apige 999, aombe polisi, kisha kikosi cha uokoaji milimani. Vikosi hivyo ni vya watu wa kujitolea na havidai hata senti, ila lazima wajue wakutafute wapi.

Mnaoondoka Septemba, buti msibebe kutoka Kariakoo, kilo za begi ni za unga na viungo. Nunueni mkifika, kubwa kidogo kuliko mguu ili soksi nene iingie. Laini ya simu mkishaipata, tumeni neno "register" kwenda 999 siku hiyohiyo, muweze kuomba msaada kwa meseji pale ambapo mtandao haubebi sauti. Na zamu ya kwanza ya geti naichukua mimi.