Kuweka Lebo Si Uprogramu

Inadaiwa kwamba mwandishi wa miongozo ya kiufundi hahitaji XML, yaani kanuni za kuweka lebo zinazotaja kazi ya kila sehemu ya matini, kwa kuwa hiyo ni kazi ya waprogramu na Word inatosha. Dai la uprogramu ndilo bovu zaidi: anayefungua lebo ya onyo kabla ya sentensi “Zima umeme kwanza” na kuifunga mwishoni hajaandika programu yoyote, bali ametaja anachokiandika, na asiyeweza kukitaja hakijui. Wala Word haitoshi: herufi zilizokozwa wino hazisemi kama neno ni onyo, amri au jina la faili. DocBook, msamiati wa lebo ulioanza mwaka 1991, husema, ndiyo maana faili moja huzaa kitabu na kurasa za wavuti bila kuandikwa upya. Uvivu wa kujifunza usiitwe hoja.