Ile Si Bunduki ya Angani, Ni Gobore la Watu

Rafiki yangu mmoja, tuliyesoma naye sekondari na ambaye sasa anabeba maboksi huko Marekani, kanitumia picha kumi na moja za bunduki.

Msishtuke. Si bunduki ya kweli. Ni nakala ya bunduki ya kale, mbao na chuma chepesi, mtutu umezibwa, haifyatui hata njiti ya kiberiti. Kainunua ili aigeuze silaha ya Tusken, wale watu wa jangwani wenye nyuso zilizofungwa vitambaa katika sinema za Star Wars. Kuna mkusanyiko wa wapenzi wa sinema hizo, na jamaa anataka aende amevaa kamili, kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu.

Kusema kweli, kazi yake ni safi. Kapiga msasa vanishi yote inayong'aa mpaka mbao zikabaki kavu. Madoido ya shaba kayang'oa. Chuma kakipaka rangi nyeusi isiyong'aa, halafu akakisugua hapa na pale kionekane kimekula jua na mchanga. Kitako kakichonga kikapinda kidogo, akazungushia ukanda wa ngozi kuukuu. Mwenye jicho la sinema ataijua bunduki hiyo kutoka ng'ambo ya ukumbi.

Nikamuuliza swali moja tu: hii bunduki ya nani?

"Ya Tusken."

Na kabla ya Tusken?

"Aah, wewe nawe! Hii ni sinema tu. Usituletee siasa."

Haya. Kwa kuwa nimeambiwa nisilete siasa, leo naileta yote.

Bunduki ile inaitwa jezaili. Ni bunduki ya Waafghani na majirani zao, ya kushindilia baruti na risasi kwa mbele, mtutu mrefu, kitako kilichopinda. Nyingi zilikuwa za gumegume. Nyingine zilitengenezwa kwa mtutu uliofuliwa na fundi wa kijijini na mtambo wa kufyatulia uliotolewa kwenye bunduki ya Mwingereza aliyeshindwa vita. Yaani kwa lugha ya kwetu, lile ni gobore. Gobore la kifundi, lakini gobore.

Na gobore hilo lina historia yake. Januari 1842 jeshi la Waingereza liliondoka Kabul, wanajeshi kama 4,500 pamoja na watumishi na familia wapatao 12,000, wakipita kwenye makorongo yenye theluji. Waafghani waliwasubiri juu ya miamba. Bunduki za Waingereza zilikuwa za masafa mafupi. Jezaili iliwafikia kutoka mahali ambapo wao hawakuweza kujibu. Baridi, njaa na risasi vilimaliza karibu msafara wote. Tarehe 13 Januari daktari William Brydon alifika Jalalabad juu ya farasi aliyechoka, na wengine waliosalimika walikuwa wachache sana, wengi wao mateka. Waliosoma hadithi za Sherlock Holmes watakumbuka kwamba Dakta Watson anatajwa kupigwa risasi ya jezaili katika vita vya Maiwand, vilivyopiganwa mwaka 1880. Mwingereza hakuisahau bunduki ile.

Sasa twende kwenye sinema.

Star Wars ya kwanza ilitoka Mei 1977. Ilipigwa Tunisia na katika studio za Uingereza, na pesa hazikuwa nyingi. Badala ya kubuni silaha kutoka hewani, Roger Christian na wenzake walikwenda kwa Bapty, kampuni ya London inayokodisha silaha kwa watu wa sinema, wakachukua bunduki halisi na kuzibandika vikorokoro. Mimi naona ni akili kubwa. Bastola ya Han Solo ni Mauser C96 ya Kijerumani, muundo wa 1896, iliyotiwa darubini na kuwekewa mdomo mpya. Silaha ya wale askari weupe wa dola ni Sterling ya jeshi la Uingereza, iliyowekewa darubini ya kifaru, kaunta ya kuhesabia na vipande vya plastiki kando ya mtutu. Ukiziangalia kwa haraka unaamini: naam, hizi zimetoka anga za mbali.

Halafu ikafika zamu ya watu wa jangwani. Wao wakapewa jezaili, na jezaili ile ilibaki jezaili. Umbo lilelile, urefu uleule, mpindo uleule wa kitako. Rungu lao likatokana na totokia, rungu la vita la watu wa Fiji. Sauti zao Ben Burtt alizitengeneza kutokana na milio ya nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, iliyorekodiwa huko Tunisia.

Jumlisha mwenyewe. Bunduki ya Mwafghani, rungu la Mfiji, sauti ya mnyama wa kubeba mizigo, na jua la Afrika Kaskazini juu yao. Hao ndio washenzi wa sinema. Hawana majina, hawana maneno, wanatokea nyuma ya jiwe na kushambulia. Katika filamu ya mwaka 1999 wanakaa juu ya mwamba wanalenga risasi vyombo vya mashindano, kwa sababu gani hatuambiwi. Katika ile ya 2002 Anakin anamaliza kijiji chao chote, wanawake na watoto wakiwemo, na bado hadithi inatuomba tumwonee huruma yeye.

Najua majibu yenu, nimeshayasikia. Twende moja baada ya jingine.

La kwanza: "Silaha zote za sinema ile ni za zamani, hata za wazungu." Kweli. Na wale vibushuti wa Jawa nao walipewa Lee-Enfield ya Mwingereza iliyokatwa ikawa fupi. Silikatai hilo. Lakini tazama zilifanyiwa nini. Silaha za shujaa na za dola zilifichwa asili yake ili zionekane za kesho. Jezaili iliachwa na asili yake ili ionekane ya jana. Rafiki yangu mwenyewe ni shahidi wangu, ingawa hajui. Angetaka bastola ya Han Solo angehangaika na darubini, vishikizio na mdomo mpya. Kwa bunduki ya Tusken kazi yake kubwa imekuwa kuondoa vitu: vanishi, shaba, mng'ao. Ameichakaza, basi. Kama kuigeuza bunduki ya kale kuwa ya angani kunahitaji msasa na rangi nyeusi tu, basi haikugeuzwa kitu.

La pili: "Hawakuwa na nia mbaya." Sidhani walikuwa nayo. Walitafuta kitu ambacho mtazamaji akikiona mara moja atasema, hawa ni watu wa porini, waogopeni. Wakafungua kabati, wakachukua bunduki ya Asia na rungu la Pasifiki, na mtazamaji akaelewa bila kuelezwa. Hicho ndicho kinachoniuma. Hakuna aliyehitaji kufikiri.

La tatu: "Siku hizi wamesharekebisha." Ndiyo, kwa kiasi. The Mandalorian, iliyoanza 2019, iliwapa Watusken lugha ya ishara, na Troy Kotsur, mwigizaji kiziwi, alisaidia kuiunda. The Book of Boba Fett, iliyoanza Desemba 2021, ilituonyesha kwamba wao ndio wenyeji wa nchi ile, na kwamba treni za magendo hupita kwenye ardhi yao zikiwamiminia risasi. Nilifurahi jamani. Kisha kabila zima lililompokea Boba Fett likauawa, na kifo chao kikawa sababu ya hasira ya shujaa. Walipewa utu kwa sehemu mbili na nusu, halafu wakazikwa.

Sasa mtaniuliza, Waafghani wanakuhusu nini wewe Mswahili?

Wananihusu kwa sababu ya gobore. Sisi tumefundishwa kucheka gobore. Mtu akiwa na simu ya zamani mtaani tunasema ana gobore. Tunasoma habari za Maji Maji ya 1905 mpaka 1907, mikuki, mishale na magobore mbele ya bombomu za Wajerumani, na ndani ya mioyo yetu tunaona aibu kidogo, kana kwamba babu zetu walisahau kununua za kisasa.

Hawakusahau. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels, na hata jina la Zanzibar limo humo. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya utumwa. Lakini soma vifungu vya silaha. Katika Afrika yote kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, bunduki za kisasa zilipigwa marufuku kuingia, isipokuwa kwa vibali na kwa masharti. Kilichoruhusiwa kuuzwa chini ya usimamizi kwa mtu wa kawaida ni bunduki ya gumegume isiyo na mifuo ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida. Miaka 15 baadaye Mjerumani anakuja na bombomu, anamkuta mtu na gobore, anamwita mshenzi.

Kwa hiyo sinema inapomkabidhi mtu gobore na kutuambia "huyu ni mshenzi", mimi siwezi kusema ni mchezo tu. Nimeshawahi kuuona mchezo huo. Kwanza unampangia mwenzako silaha ya kushika, kisha unamcheka kwa kuishika.

Na kuna jambo la mwisho, ambalo rafiki yangu hataki hata kulisikia. Yeye ni mtu mweusi anayeishi Marekani. Sheria ya huko inataka bunduki za kuchezea ziwe na alama ya rangi ya chungwa kwenye mdomo, lakini nakala zisizofyatua za bunduki zilizobuniwa kabla ya 1898 zimesamehewa. Kwenye karatasi, basi, nakala yake ni pambo la ukutani. Lakini Novemba 2014, huko Cleveland, polisi walimpiga risasi mtoto mweusi wa miaka 12 aliyekuwa na bunduki bandia bustanini. Ilikuwa sekunde chache tu tangu gari lao lisimame. Hakuna aliyemuuliza ile ni ya mwaka gani. Unaona? Bunduki moja, ikishikwa na huyu ni mapambo, ikishikwa na yule ni hatari. Somo ni lilelile la kule jangwani, tofauti ni kwamba huku mtu hainuki mwongozaji akisema "kata".

Sasa nieleweke. Sisemi asiende. Sisemi achome bunduki yake. Mimi mwenyewe nimezitazama sinema hizo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya wazazi wangu. Nasema hivi:

Kwanza, kama unajenga silaha hiyo, jenga kwa nakala kama alivyofanya yeye. Kuna watu wanaonunua jezaili halisi, mali ya karne ya 19, na kuipiga msumeno ili ifanane na sinema. Huo ni uharibifu wa kumbukumbu ya watu. Jezaili zimeshatoroshwa za kutosha kutoka nchi ile.

Pili, ukiwa njiani iweke kwenye mfuko uliofungwa, ndani ya buti la gari, na mdomo wake ufunge kitambaa cha rangi ya chungwa. Utaivua ukifika ukumbini. Hakuna sinema yenye thamani ya maisha yako.

Tatu, na hili ndilo kubwa: ijue. Kwenye mikusanyiko hiyo kuna watu wanaoweza kukutajia aina ya darubini iliyo juu ya bastola ya Han Solo, na kiwanda kilichotengeneza kaunta ya askari weupe. Mauser wanaijua. Sterling wanaijua. Ukifika kwenye ile ndefu ya watu wa jangwani wanakwambia "ya Tusken". Kama una nafasi kichwani ya jina la kiwanda cha kaunta, unayo pia ya neno moja: jezaili.

Mtoto atakuja kupiga picha na wewe, atauliza hiyo bunduki ni ya nani. Mwambie ni ya watu wa milimani ambao mwaka 1842 walikataa kutawaliwa. Mwambie babu yako naye alikuwa na ndugu yake.

Nimemtumia rafiki yangu maneno haya yote kabla sijayaweka hapa. Kajibu kwa neno moja: "Dah." Jana usiku ikaja picha ya kumi na mbili. Chini ya kitako, upande usioonekana kwenye sinema, kachonga kwa kisu herufi ndogo za jina lile. Kakosea, kaandika "jezali".

Nimemwambia aongeze i.

Naomba kuwasilisha.