Sutretansi: jina ni la Mkongomani, kazi ni ya nani?

KOLWEZI. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inasema wazi: kazi za sutretansi, zile kompani kubwa inazigawia kompani ndogo, ni za kompani ambazo sehemu kubwa ya mtaji iko mikononi mwa Wakongomani. Mgeni anakubaliwa tu kama hakuna Mkongomani anayeiweza kazi hiyo, tena hapitishi miezi 6. Sheria ni nzuri, na wakaaji wa Musonoi hawaikatai. Wanalia juu ya makaratasi.

Mwenye kutaka kazi ya mgodini anapaswa kwanza kuandikishwa na ARSP, mamlaka iliyoundwa mwaka 2018 kusimamia sutretansi. Mbele ya kufika huko anatafuta RCCM, namba ya kitaifa, namba ya kodi. Nani anayapata haraka? Mwenye ofisi Kinshasa ao Lubumbashi, mwenye mwanasheria na ndugu serikalini. Ao yule aliyekopesha jina lake, na nyuma yake amejificha mwenye pesa mwingine. ARSP yenyewe imekwisha kulalamika juu ya watu wa namna hiyo.

Sasa chukueni mama wa hapa. Anapika bukari na samaki kwa watu makumi kila siku, kazi inayojulikana na jirani wote. Jiko lake lilikuwa katika lupango. Lupango imekwenda na mgodi. Makaratasi ya kompani yanadai anuani, na anuani yake ni ya mahali ambapo leo kuna shimo! Katika ripoti ya Septemba 2023, Amnesty International ilieleza namna familia za Cité Gécamines zilivyohamishwa kwa sababu ya mgodi wa COMMUS. Watu hao walipoteza nyumba, na pamoja na nyumba walipoteza jiko, gereji, mashine ya kushona na wateja.

Wako wanaojibu kwamba bila masharti wafanyakazi watalishwa chakula kibaya na kubebwa katika gari mbovu. Ni kweli masharti yanahitajika. Basi wakague sufuria na maji, wakague breki za gari. Hayo mama na kijana wa Musonoi wanaweza kuyapita. Sheria inauliza mtaji ni wa taifa gani. Haiulizi kama mwenye kompani amewahi kukanyaga vumbi la Kolwezi. Mtu wa mbali anapita, na aliyemwachia mgodi udongo wake anabaki nje ya lango.

ARSP ilete meza yake Musonoi na mahali familia zilipohamishiwa, iwaandikishe bure, na karatasi ya kuhamishwa ihesabiwe kuwa anuani. Orodha ya walioandikishwa ibandikwe kwenye ofisi ya kartie, pamoja na majina ya wenye mtaji kweli, ili watu waseme huyu tunamjua, huyu hapana. Kwa soko linalopita milioni 100 za franka sheria inadai mashindano ya wazi. Yaliyo chini ya hapo, chakula, usafi, kushona nguo za kazi, yagawanywe vipande vidogo na kuanzia kwa waliohamishwa. Na kompani ziandike hilo, kwa hesabu, katika cahier des charges, daftari la ahadi ambalo Kodi ya Migodi ya 2018 inazilazimisha kupatana na wakaaji.