Muuguzi mpya apimwe, halafu achanjwe

Serikali ikitangaza ajira za afya, huku machimboni Sekenke tunaletewa muuguzi mmoja, wawili tukibahatika, na wengi ni mabinti waliotoka chuo juzi. Kabla hajapewa hata kitanda, anadaiwa majibu ya vipimo: yu salama kwa wagonjwa? Mimi niliyestaafia ukunga upande huu naona swali limegeuzwa. Sekenke yenyewe ni salama kwake?

Dhahabu imechimbwa hapa tangu enzi za Wajerumani, mwaka 1909. Leo kuna wachimbaji wadogo, maduara yao ya kuchimbia na makarasha ya kusagia mawe, na lile vumbi la mawe linalochakaza mapafu na kukiachia kifua kikuu njia nyeupe. Mchimbaji hukohoa mwezi mzima akinywa dawa za dukani, hadi azidiwe ndipo aletwe. Katika zahanati moja niliyofanyia kazi tulifunga madirisha kuzuia vumbi la karasha. Vumbi lilipungua kweli, kikohozi tukabaki nacho ndani.

Kwa hiyo muuguzi mpya apimwe kifua kikuu, sina ubishi. Mama aliyejifungua jana hachagui wa kumshikia kichanga. Atakayekutwa nacho atibiwe huku mshahara ukiingia, na arudi kazini akishaacha kuambukiza. Lakini tupimwe wote, kila mwaka, na wakongwe tumo. Kumpima mgeni peke yake ni kumshuku tu.

VVU ni habari nyingine. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamtia hatiani mtaalamu wa afya anayemlazimisha mtu kupima, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa hali hiyo. Hata hivyo nimeshaona fomu ya ajira ambayo mstari wa VVU umeongezwa kwa kalamu, nayo ipo mezani kwa karani anayepanga nyumba moja na mwajiriwa.

Kinachonikera zaidi ni homa ya ini B. Sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye virusi hivyo ikikudunga nawe hujachanjwa, hatari ya kuambukizwa yaweza kufika 30 kwa 100. Ya VVU ni kama 3 kwa 1,000. Chanjo ipo, dozi tatu ndani ya miezi sita. Watoto wetu walianza kuipata mwaka 2002, na miongoni mwa wanaoajiriwa sasa wapo waliozaliwa kabla ya hapo. Binti wa kaka yangu, muuguzi mpya, aliagizwa alete majibu ya homa ya ini kwa fedha zake. Akayaleta, yako safi, yakapigwa muhuri, na chanjo hakuna aliyeitaja. Muda si mrefu yuko leba usiku, anamshona mama aliyechanika, taa ni ya simu.

Karatasi ile ya majibu ya siku ya kwanza ni mali yake. Akiugua baadaye, ndiyo ushahidi kwamba aliripoti mzima, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi usiambiwe “alikuja nayo”. Kauli hiyo nimeisikia ikisemwa juu ya mwenzetu, na hakuwa na karatasi ya kuijibu.

Nimemwambia binti atoe nakala, moja aiache kwangu, kisha akadai chanjo kwa maandishi.

“Shangazi, mganga mfawidhi ataniona mkorofi.”

Amwone tu, dozi ya kwanza ikishaingia begani.